Matanga ya Siwema, Gari la Bi Pimbi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na gari lenye kikohozi!
— Lilikohoaje?
— Kwe! Kwe! Kwe! Puh!

Hamjakohoa vizuri, ninyi. Mmekohoa kama watu walioshiba. Haya tena, itoke kifuani: kwe, kwe, kwe, puh! Hapo sawa. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema maganda usikilize, maana mimi nikishaondoka sirudi kumchukua mtu.

Hapo kale, ila si kale sana, kale ya juzijuzi tu wanyama walipokuwa wameshaijua spana na petroli, katika nchi ya majabali waliishi Bi Pimbi na mumewe, Bwana Pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, kanapenda jua kuliko mimi ninavyopenda kusifiwa. Kila asubuhi Bi Pimbi na mumewe walipanda juu ya jiwe lao bapa, wakalala ubavu kwa ubavu, wakaota jua. Jiwe hilo waliachiwa na wazazi wao, na hawakuwa na mali nyingine ya maana isipokuwa gari.

Lilikuwa gari gani? Si lori, si basi. Lilikuwa gari la matembezi. Mbele usukani, nyuma kitanda, kando ya kitanda jiko la mafuta ya taa, na dirishani pazia la kitenge alilolishona Bi Pimbi kwa mkono wake. Gari hilo waliliita Siwema, nao walimzungumzia kama mtu wa nyumbani: Siwema ameamkaje, Siwema amekunywa maji, Siwema leo amenuna. Kila mwaka mavuno yakiisha, walipakia unga na karanga, wakampeleka Siwema ziwani, wakakaa huko wiki tatu. Kifungua mimba wao alijifunza kutembea humo ndani, kutoka jikoni kwenda kitandani, hatua nne.

Sasa, Siwema akazeeka. Bwana Pimbi naye akazeeka. Goti likamvimba, akawa hawezi kutembea zaidi ya kutoka shimoni hadi kwenye jiwe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: Siwema akitembea, Bwana Pimbi ataliona ziwa. Siwema asipotembea, ziwa atalisikia kwa wapita njia.

Mwaka huo mavuno yakaisha. Unga ukapakiwa. Karanga zikapakiwa. Bwana Pimbi akapakiwa. Bi Pimbi akawasha gari.

Kwe! Kwe! Kwe! Puh!

Akawasha tena.

Kwe! Kwe! Kwe! Puh!

Moshi mweusi ukatoka nyuma, na mbele maji yakachuruzika, chururu. Wakabaki wamekaa wanatazama barabara.

"Mke wangu," akasema Bwana Pimbi, "labda huyu amefika mwisho. Mwaka jana ulimsukuma mlima mzima, mimi nimekaa ndani."

"Nilimsukuma kwa kupenda."

"Ulinitukana njia nzima."

"Nilikutukana kwa kupenda."

"Basi tufanyeje? Tumtengeneze au tutafute lingine?"

"Goti lako limeharibika tangu mwaka juzi," akasema Bi Pimbi. "Nitafute mwingine?"

Bwana Pimbi akafikiri kidogo. "Inategemea kama huyo mwingine anajua kupika."

"Toka hapa! Wewe spea zako hazipatikani tena, ndiyo maana nakutunza."

Lakini msidhani Bi Pimbi alikuwa mpumbavu wa mapenzi. Macho alikuwa nayo. Alijua kwamba paa linavuja, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba, na breki zinataka kuombwa. Akasema, "Tumpeleke kwa fundi. Fundi akisema atapona, tutengeneze. Akisema hatapona, tutafute jipya, na mimi sitalia." Hilo la mwisho alidanganya.

Katika nchi ile fundi alikuwa mmoja tu, Fundi Ngiri. Jitu lenye shingo nene, meno yamejipinda kama vishikio vya ndoo, na tumbo lisilojua kusema basi. Nguvu alikuwa nazo. Aliinua gari bila jeki. Kosa lake lilikuwa hili: hakuinama. Fundi gani haingii uvunguni? Yeye alisimama wima, akaligonga gari kwa jino, ko!, akatoa jibu.

"Shikamoo mama," akasema Fundi Ngiri.

"Marahaba, baba. Nimekuletea mgonjwa."

Fundi Ngiri akamgonga Siwema, ko! Hakuinama. Akaimba:

*Kro, kro, kro, hili limechoka,*
*kro, kro, kro, halitengenezeki,*
*kro, kro, kro, jipya liko pale!*

"Lakini hujaangalia chini, baba."

"Mama, mimi naona kwa masikio. Niachie siku tatu nijaribu."

Bi Pimbi akamwacha siku tatu. Aliporudi, Siwema amekaa chini kama kuku anayeatamia.

"Springi zake ziko wapi?"

"Zimekatika zenyewe, mama. Uzee." Akamgonga, ko! *Kro, kro, kro, halitengenezeki. Kro, kro, kro, jipya liko pale!* "Niachie siku tatu nyingine."

Bi Pimbi akamwacha siku tatu nyingine. Aliporudi, akabonyeza honi. Kimya. Akafungua sehemu ya betri. Tupu.

"Honi je? Betri je?"

"Zimenyamaza zenyewe, mama. Uzee." Ko! *Kro, kro, kro!* "Niachie siku tatu za mwisho."

Bi Pimbi akamwacha siku tatu za mwisho. Aliporudi, Siwema hana tairi, hana godoro, hana pazia, amelazwa juu ya mawe. Bi Pimbi akashika kifua.

"Na godoro?"

"Panya, mama. Panya wa siku hizi hawana adabu. Sasa nisikilize mimi, usijitese. Jipya liko pale. Sitaki kwako kitu kikubwa. Nipe lile jiwe lenu bapa, nijenge gereji ya ghorofa. Wewe chukua gari, nenda zako ziwani."

Na kweli lilikuwa pale. Jekundu! Linang'aa! Linanukia rangi! Paa halivuji, milango yote miwili inafunga, kachu, kachu. Nikisema Bi Pimbi hakulitamani nitakuwa mwongo. Alilitamani. Alimfikiria mumewe amekaa humo, goti lake limenyooshwa, wanapanda mlima bila mtu kusukuma. Akawaza kwamba jua liko kila mahali, jiwe jingine litapatikana.

"Naweza kuingia ndani kulijaribu?"

"Ingia, mama, jisikie nyumbani."

Bi Pimbi akaingia. Akagusa jiko. Akajilaza kitandani. Kitambaa cha godoro kilikuwa kipya, cha maua ya njano. Lakini alipojilaza upande wa ukutani, ubavu wake ukazama, bwii, ndani ya bonde. Akatulia. Akasogea kidogo, akalipima lile bonde kwa mkono: hapa bega, hapa mbavu, hapa nyonga iliyoelekea ukutani. Mwanamke aliyelala na mtu mmoja miaka yote hiyo hapotei. Hilo lilikuwa bonde la mume wake.

Akaenda mbele, akabonyeza honi. *Pii-pi-hik!* Hiyo kwikwi mwishoni ilikuwa ya Siwema, na hakuna gari lingine duniani lililokuwa nayo.

Kumbe! Jipya lilikuwa bodi lililopakwa rangi tu. Ndani lilikuwa Siwema na magari ya watu wengine, kipande huku, kipande kule. Bi Pimbi alikasirika mpaka masharubu yakasimama. Lakini akayatazama yale meno, akajitazama na yeye, kimo cha ndoo. Akashuka akitabasamu.

"Gari zuri, baba. Nitalichukua. Ila Siwema nimeishi naye mno, siwezi kumtupa kama gunia bovu. Nipe mabaki yake nikamwekee matanga ya siku moja, tumuage. Siku hiyohiyo nikishaanua matanga, msiba umekwisha, jiwe ni lako."

Fundi Ngiri akacheka mpaka udongo ukatifuka. "Matanga ya gari! Mama, wewe umezeeka kuliko gari lako. Halafu, hebu, hapo matangani kutapikwa nini?"

"Wali wa nazi, maharage, na viazi vitamu sufuria tatu."

Masikio ya Fundi Ngiri yakasimama. "Unajua mama, matanga ni jambo la heshima. Nitakuja."

Bwana Pimbi alipoambiwa habari ya bonde, alishika goti, akajaribu kuinuka. Kisha akasema, "Twende tukamwambie arudishe."

"Tutamwambia mimi na wewe na goti lako? Kaa hapo. Mimi naenda kwa watani."

Watani mnawajua? Basi kwa asiyejua: ukoo wa Pimbi ulitaniana na ukoo wa Kima tangu enzi. Pimbi akifiwa, Kima wanakuja kuharibu msiba. Wanamwigiza marehemu, wanakalia jamvi wakiwa na matope, wanachukua chochote cha mfiwa kinachowapendeza. Na mfiwa hakasiriki. Akikasirika, anaondolewa kwenye sinia la chakula, na ukoo mzima wa majabali unamcheka mpaka wajukuu zake. Hiyo ndiyo sheria. Bi Pimbi akafika kwa Kima, akanong'ona nao, nao wakaanza kujigaragaza kwa kicheko kabla hata hajamaliza.

Siku ikafika. Asubuhi, jua limetoka. Mabaki ya Siwema yakawekwa chini ya turubai, juu ya mawe, yamefunikwa shuka jeupe. Ubani ukafukizwa. Nchi nzima ikaja: Kobe, Kanga, Digidigi, Nungunungu na wengine wengi. Waliokuja kucheka walifika wakamkuta Bwana Pimbi amekaa kichwani pa gari lake, mkono juu ya shuka, macho mekundu, na kicheko kikawaishia. Maana yeye, ijapokuwa alijua mpango, hakuwa na uhakika utafaulu. Alikuwa anaaga kwelikweli.

Fundi Ngiri akafika wa mwisho, akaketi karibu na sufuria kuliko wote. Viazi vikatoa harufu. Bi Pimbi akasimama na upawa.

"Jamani, asanteni kwa kufika. Kama desturi yetu ilivyo, wafiwa wanakula kwanza. Wageni watasubiri, kama kitabaki watapata."

Fundi Ngiri akatazama sufuria. Akatazama wageni, wengi. Mate yakamjaa.

"Mimi ni mfiwa!" akanguruma.

"Wewe, baba?"

"Nani alimuuguza? Siku tisa nilimuuguza! Alifia mikononi mwangu!"

"Unasema mbele za watu?"

"Nasema mbele za watu! Mimi ndiye mfiwa mkuu hapa!"

Basi, yamekwisha. Akafungwa kaniki ya msiba kiunoni, akakalishwa kwenye jamvi la wafiwa, akasogezewa sinia peke yake. Akaanza kula, nyam, nyam, nyam. Kiazi cha kwanza. Kiazi cha tano. Kiazi cha kumi na mbili.

Mara: wuu! wuu! wuu! Kima hao! Mmoja akajilaza chini, miguu juu, akajifanya Siwema: kwe, kwe, kwe, puh! Mwingine akajifanya Bi Pimbi anasukuma mlima na kutukana. Watu wakavunjika mbavu, hata Bwana Pimbi. Kisha mkubwa wao akapaza sauti:

"Mfiwa mkuu ni nani?"

"Fundi Ngiri!" watu wakajibu.

"Mtani wangu, pole! Nasikia una gari jekundu!"

Fundi Ngiri mdomo umejaa. Kabla hajameza, Kima wameshatoweka. Kabla hajameza tena, wamerudi, wako juu ya paa, wako madirishani, wamelileta lile gari jekundu. *Pii-pi-hik!*

Mkia wa Fundi Ngiri ukasimama wima. Meno yakaelekea mbele. Akainuka nusu.

"Mtani," akasema Kima mkubwa kwa upole, "umekasirika?"

Nchi nzima inamtazama. Bi Pimbi amesogea, ameshika ukingo wa sinia, tayari kuliondoa. Viazi vilikuwa bado vinane.

Fundi Ngiri akaketi. "Ha," akasema. "Ha. Ha."

"Amecheka!" Kima wakapiga makofi. "Sasa marehemu tunamzika uchi? Mfiwa mkuu, mvishe!"

"Mimi?"

"Mfiwa mkuu ndiye anayemvisha marehemu. Au umekasirika?"

"Ha," akasema Fundi Ngiri. Akachukua spana.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo Fundi Ngiri alipopiga magoti kwa mara ya kwanza maishani. Tifu! Akaingiza kichwa uvunguni. Akatoa springi kwenye gari jekundu, akamfunga Siwema, kwi, kwi, kwi. Akatoa tairi, fyuu, fyuu. Akatoa betri. Akatoa honi. Akatoa godoro, akalivuta kwa meno. Kila alipopunguza mwendo, Kima walimuuliza, "Umekasirika?" naye akajibu, "Ha."

Alipokuwa hapo uvunguni akakutana na mpira wa maji, umepasuka kidogo tu, urefu wa ukucha. Ugonjwa wote wa Siwema ulikuwa huo. Akamsikia Bi Pimbi anauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Fundi, huo mpira ndio nini?" Akautoa, akaweka mzima wa gari jekundu.

Gari jekundu likabaki bodi tupu. Watu wakasogea. "Kioo hiki si changu?" akasema Kobe. "Usukani huu mbona naujua?" akasema Digidigi. Kila mmoja akaondoka na chake kwapani, na hakuna aliyegombana, maana siku ya msiba watu hawagombani.

Bi Pimbi akavua shuka jeupe. Akapanda. Akawasha.

Kwe!

Bwana Pimbi akafumba macho.

Kwe! Kwe!

Hata Kima wakaacha kujikuna.

Kwe... kwe... prr... prrr... *prrrrrrrrr!*

"Amefufuka!" Watu wakakimbia, jamvi likapinduka, ubani ukamwagika, Nungunungu akamchoma kila aliyekutana naye. Walipoona hakuna mzimu, wakarudi, wakamwinua Fundi Ngiri juu. "Fundi anafufua magari! Hana mfano!" Yeye akajaribu kusema kwamba lile gari halitengenezeki, lakini nani atamsikia?

Alipowekwa chini akamvuta Bi Pimbi pembeni. "Mama, jiwe langu?"

"Nilisema nikishaanua matanga, baba. Matanga ya nani? Maiti anapiga honi."

Kesho yake, gereji ya Fundi Ngiri ilizungukwa na magari mazeemazee ya nchi nzima, kila moja na mwenyewe amekaa juu ya kibao, anatazama. Ikabidi fundi apige magoti kwa kila moja. Akapiga magoti asubuhi, akapiga magoti mchana, akaletewa chakula hapohapo chini, akala amepiga magoti. Mpaka leo mkimwona ngiri anakula, mtazameni miguu ya mbele.

Na Siwema? Akaondoka asubuhi hiyo. Mlima wa kwanza akapanda. Mlima wa pili akapanda. Mlima wa tatu akasema puh!, na Bi Pimbi akashuka akasukuma, na matusi aliyoyatoa siwezi kuyarudia mbele ya wazee. Wakafika ziwani siku ya nne, mchana kweupe, paa linavuja, mlango umefungwa kwa kamba ileile.

Bi Pimbi akamtoa mumewe, akamketisha mlangoni, goti lake likaelekea juani. Bwana Pimbi akatazama maji muda mrefu.

"Nilikuwa nimeshaliaga hili ziwa," akasema. "Moyoni. Sikukwambia."

Bi Pimbi akasema ngoja nitafute chumvi ya karanga. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa kamba, akalia mpaka akatosheka. Kisha akatoka na chumvi, wakala.

Haya! Funzo lake nini? Nyamazeni, nasema mimi. Funzo ni hili: gari likizeeka usihangaike nalo, nunua jipya, tena jekundu. Fundi akikwambia halitengenezeki, mwamini, hata kama hakuinama. Na mke akikutukana njia nzima, mwache, huyo hakupendi.

Mnacheka nini? Mimi ndivyo nilivyoielewa.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa, nimeiwekea jiwe nyuma ya gurudumu. Anayeitaka aisukume mwenyewe. Akifika mlimani, matusi ni ruksa.